Uongo Uliovikwa Kanzu ya Maandiko

TAHARIRI



Mwezi wa Aprili na wa Mei mwaka 1994, watu waliosimama kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, waliona jambo ambalo wengi wao hata leo hawawezi kulisimulia bila kunyamaza katikati. Mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti. Zilipita mchana na usiku, nyingine zikiwa zimefungwa mikono, zikateremka hadi Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanavijiji wa upande wa Uganda walizitoa majini na kuzizika kwa maelfu. Na juu ya daraja hilo hilo, mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, walivuka wakimbizi wapatao robo milioni na kuingia wilaya ya Ngara. Wengi wetu katika ukanda huu wa Maziwa Makuu tuliwapokea, tukagawana nao maji na kuni.

Tangu siku zile, tunapoulizwa na watoto wetu sababu ya mauaji yale, wengi tumeridhika na jibu jepesi: hayo ni makabila mawili yaliyochukiana tangu enzi na enzi. Tume inawaomba mliweke kando jibu hilo. Kwanza, si kweli. Pili, jibu lenyewe ni tawi la mti ule ule uliozaa mauaji, maana linasema kwamba watu wa namna fulani wameumbwa na chuki damuni. Katika toleo hili tunataka kuuchimba mti huo hadi kwenye mzizi. Nanyi msishangae kuona kwamba mzizi mmoja ulipita katika nchi yetu, na mwingine ukapita katika Biblia iliyosomwa vibaya.

WAZO LILILOANDIKWA BAADA YA KARAGWE

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa safarini kutafuta chanzo cha mto Nile, alifika Karagwe, katika mkoa wa Kagera wa leo. Mfalme Rumanika alimpokea kwa ukarimu, akamlisha, akamlinda, akamsindikiza. Speke aliona pale ufalme wenye utaratibu, wenye baraza, wenye historia. Lakini kichwani mwake alikuwa amekuja na hukumu tayari, kwamba mtu mweusi hawezi kujenga dola. Alipogongana na ukweli, hakuiacha hukumu yake. Aliutafutia ukweli maelezo mengine.

Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa wageni waliotoka Ethiopia, jamii iliyo juu ya Waafrika wengine, iliyokuja kuwatawala wakulima. Yeye mwenyewe aliliita wazo hilo nadharia. Rwanda hakuwahi kukanyaga. Hata hivyo, walioisoma nadharia hiyo Ulaya waliifanya kuwa elimu, na maofisa waliotumwa Afrika waliifanya kuwa sera.

Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Kijerumani ulipita Rwanda ukiwa na mtaalamu wa kupima vimo, vichwa na pua za watu. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Seligman alitoa kitabu kilichodai kwamba kila ustaarabu ulioonekana Afrika uliletwa na jamii hiyo ya wageni, iliyoitwa Wahamu. Kitabu hicho kilisomwa katika vyuo vikuu kwa miaka mingi.

HAMU, NUHU, NA LAANA ISIYOANDIKWA

Jina hilo la Wahamu linatugusa sisi Wakristo moja kwa moja, kwa kuwa limetolewa katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Kwa karne nyingi, wafanyabiashara ya watumwa na wenye mashamba makubwa huko Amerika walifundisha kwamba Waafrika ni uzao wa Hamu, mwana wa Nuhu, na kwamba weusi wao na utumwa wao ni laana ya Mungu. Speke mwenyewe aliirudia hoja hiyo katika utangulizi wa kitabu chake.

Ndugu msomaji, fungua Biblia yako usome mwenyewe. Utaona kwamba aliyetamka laana si Mungu, bali ni Nuhu, baada ya kulewa. Aliyelaaniwa si Hamu, bali ni Kanaani mwanawe. Na katika sura nzima hakuna neno hata moja kuhusu rangi ya ngozi. Laana ya watu weusi haimo katika Maandiko Matakatifu. Iliingizwa humo na watu waliohitaji kutuliza dhamiri zao.

Tena tazameni jinsi uongo unavyogeuka kulingana na haja ya mwenyewe. Baada ya wanajeshi wa Napoleon kufika Misri mwaka 1798 na Wazungu kuona ukuu wa Misri ya kale, ilikuwa vigumu kusema kwamba uzao wa Hamu ni watumwa wa kuzaliwa. Basi hadithi ikapinduliwa. Hamu akawa baba wa watu waliodaiwa kuwa karibu na Wazungu, na Mwafrika wa kawaida akabaki bila sifa yoyote. Hamu wa kwanza alitumiwa kuhalalisha utumwa. Hamu wa pili akatumiwa kuhalalisha ukoloni. Lakini Biblia ni ile ile, na sura ya 9 haijabadilika hata nukta.

KUTOKA NADHARIA HADI KITAMBULISHO

Hatusemi kwamba kabla ya Wazungu Rwanda ilikuwa paradiso. Katika utawala wa Mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, dola ilipanuka kwa vita, na wakulima wengi walitwishwa kazi za lazima. Utabaka ulikuwapo, na dhuluma ilikuwapo. Lakini watu hao walisema lugha moja, walimwita Mungu kwa jina moja la Imana, na waliishi katika vilima vile vile. Koo zao, kama vile Abasinga, Abazigaba na Abagesera, zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Mtu aliyepata ng'ombe na cheo aliweza, baada ya muda, kuacha kuitwa Mhutu, na lugha yao ina neno kwa jambo hilo: kwihutura.

Wabelgiji waliochukua nchi kutoka kwa Wajerumani waliufunga mlango huo. Kuanzia miaka ya 1920 waliwaondoa machifu wa Kihutu na kuwaweka Watutsi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliwahesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mahali palipoandikwa jambo hilo palitumiwa neno ubwoko, ambalo kwa Wanyarwanda lilikuwa na maana ya ukoo. Hivyo neno lililokuwa likiwaunganisha watu likafanywa neno la kuwatenga. Kufikia mwaka 1959, machifu 43 kati ya 45 walikuwa Watutsi, na machifu wadogo 549 kati ya 559. Wengi wa Watutsi wenyewe walibaki maskini vilimani kama jirani zao, lakini lawama ya utawala wote iliandikwa kwenye kadi ya kila mmoja wao.

Kanisa letu nalo haliwezi kukwepa. Askofu Léon Classe, aliyeliongoza Kanisa la Rwanda tangu mwaka 1922, aliuandikia utawala mwaka 1930 kuuonya kwamba kuwaondoa machifu wa Kitutsi kungeleta vurugu na ukomunisti. Shule za misioni ziliwapendelea watoto wa machifu. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wamisionari walihamisha huruma yao kwa Wahutu walioonewa. Huruma hiyo ilikuwa na haki yake, lakini haikuvunja sanduku la fikra. Waliendelea kusema juu ya jamii mbili zisizofanana, ila sasa walibadilisha tu nani wa kupendwa.

Mwaka 1959 damu ilianza kumwagika, na makumi ya maelfu ya Watutsi wakakimbia nchi. Kisha miaka ikapita, bendera zikabadilika, lakini kadi ya ubwoko ikabaki. Novemba mwaka 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama chake akisema kwamba Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia, na njia ya mkato itakuwa mto Nyabarongo. Ndugu, mto Nyabarongo huingia katika Kagera, na Kagera hupita Rusumo. Nadharia ya mtu aliyekula chakula cha Rumanika ilirudi kwetu baada ya miaka 130, ikielea juu ya maji. Katika siku mia moja hivi tangu Aprili 7, 1994, waliuawa watu wasiopungua laki nane. Kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilitosha kuwa hukumu.

Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa pia. Katika parokia ya Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo. Wapo mapadre, watawa na walei waliokufa kwa kuwaficha jirani zao, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Novemba mwaka 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na Machi mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake. Walipoungama wao, sisi hatuna sababu ya kujiona safi.

WASIOTAJWA HATA KATIKA MAOMBOLEZO

Mmeona kwamba kadi ile ilikuwa na majina matatu, lakini sisi husimulia mawili tu. Jina la tatu ni Watwa, ambao Uganda huitwa Wabatwa. Idadi yao ni ndogo. Nao wamebeba mzigo wa uongo ule ule bila kuwa na jeshi, gazeti wala askofu wa kuwasemea.

Mkoloni aliwaweka katika ngazi ya mwisho, akaandika kwamba wako nusu ya njia kati ya mnyama na mtu. Mwaka 1906 kijana kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika bustani ya wanyama jijini New York, ndani ya nyumba ya nyani, ili watu waje kumtazama. Wachungaji Waafrika-Wamarekani wa jiji hilo ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Hakuweza kurudi kwao, na mwaka 1916 alijiua. Tunalaani waliolipa nauli kwenda kumtazama. Lakini ni jirani zake Mtwa, Waafrika weusi kama yeye, ambao kwa vizazi wamekataa kunywa naye katika chombo kimoja. Hapo mkoloni hakutufundisha kitu kipya, bali alikikuta kiburi chetu na kukipa cheti cha elimu.

Madhara yake si ya maneno tu. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda, ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa, na Wabatwa waliokuwa wakiishi kwa msitu huo wakatolewa. Kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuitwa watu wasio na makao, wasiolima, wanaotangatanga, haikuwa vigumu kuona kwamba hawana ardhi ya kulipwa. Ilipita miaka 30 kabla Mahakama ya Katiba ya Uganda, mwaka 2021, haijatamka kwamba hawakutendewa haki. Ndivyo jina baya linavyofanya kazi. Kwanza hukuvunjia heshima, kisha hukunyang'anya shamba, na mwisho umaskini wako hutolewa kama ushahidi kwamba jina lilikuwa sahihi.

Nasi Watanzania tuna ndugu zetu Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi. Wangapi kati yetu tumewataja bila kucheka? Wangapi tunajua kwamba wanazijua mimea na njia za wanyama kuliko maofisa wengi waliosomea, na kwamba mwaka 2011 wale wa Yaeda Chini walipata hati za kimila za ardhi yao kwa kufuata sheria na kwa subira?

UTANI NA DHARAU

Hapa mtu atatuuliza: "Je, Tume inataka kutunyima utani?" Swali ni zuri. Utani ni mali yetu, na ni mali ya amani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Wasafiri wa misafara walioteremka kutoka bara walifanya utani na wenyeji wa pwani. Mababu zetu walijua kwamba ugomvi wa zamani ukigeuzwa kicheko, hauzai ugomvi mpya.

Lakini utani una sheria zake. Mtani hukutania mbele yako, nawe una haki ya kumjibu palepale. Mtani akikutukana harusini, hukuchimbia kaburi msibani. Wote wawili ni sawa, hakuna wa juu wala wa chini. Dharau haina sheria hata moja kati ya hizo. Husemwa nyuma ya mtu, au mbele ya mtu asiyethubutu kujibu. Siku ya msiba wake, mwenye dharau haonekani. Basi kipimo ni rahisi: neno ambalo huwezi kumwambia mwenyewe huku ukiwa tayari kujibiwa, na huku ukiwa tayari kumzika, hilo si utani.

Tuyapime kwa kipimo hicho maneno tunayoyasikia baada ya Misa. "Wakimbizi wote ni wezi." "Watu wa kabila fulani usiwape mfuko wa parokia." "Huyo msichana mzuri, lakini kwao ni wachawi." "Yule ni zeruzeru, asikae mbele." Tuwakumbuke ndugu zetu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu watu waliaminishwa kwamba wao si watu kamili. Tuwakumbuke akina bibi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati wekundu huo waliupata kwa miaka 50 ya kuwapikia wajukuu kwenye moshi wa kuni. Kila mara panga lilitanguliwa na neno, na neno hilo lilizoeleka kwanza kama mzaha.

MAJI YA UBATIZO

Wakati watu walipokuwa wakifa Rwanda, maaskofu wa Afrika walikuwa Roma katika Sinodi yao, Aprili na Mei mwaka 1994. Waliyazungumza waziwazi mambo ya ukabila, na wakachagua jina la kuliita Kanisa la Afrika: Familia ya Mungu. Wengi tumeliimba jina hilo katika jumuiya zetu. Je, tunalijua lilivyogharimu?

Vijana wa seminari ndogo ya Buta, nchini Burundi, walilijua. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Walikuwa wanafunzi tu, wengine hawajaota ndevu. Waliuawa 40 wakiwa pamoja. Hakuna aliyeweza kuwashawishi kwamba mwenzao wa kitanda cha pili ni kitu kingine tofauti na jina lake la ubatizo.

Ndugu wapendwa, hatuombwi leo kufa kama wao. Tunaombwa jambo dogo zaidi, na kwa hiyo hatuna udhuru. Tume inapendekeza hatua tatu kwa kila parokia.

Kwanza, makatekista wetu waifundishe sura ya 9 ya Mwanzo kama ilivyo, wawaeleze vijana wa kipaimara wazi kwamba hakuna laana ya rangi wala ya kabila katika Maandiko.

Pili, Halmashauri ya Walei iangalie orodha ya viongozi wake na kujiuliza ni nani hajawahi kuchaguliwa tangu parokia ianzishwe. Pengo hilo lina sababu, na sababu hiyo itajwe kwa sauti.

Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatembelee wale wanaosemwa vibaya mtaani kwao, iketi nao, ile nao. Chombo kimoja kikizunguka mikononi mwa wote, uongo mwingi hufa bila hotuba.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Ni kundi gani la watu ambalo nilifundishwa nyumbani kulidharau? Ni nani aliyenifundisha, na yeye alilijuaje?

2. Katika mtaa wetu, ni nani aliyepoteza ardhi, kazi, uchumba au nafasi ya uongozi kwa sababu ya jina lililobandikwa kabila lake, ugonjwa wake au umbile lake?

3. Mara ya mwisho nilipomsikia mtu akiwadharau wengine mbele yangu, nilicheka, nilinyamaza, au nilisema neno?

4. Siku ikija watu wenye silaha wakatuamuru tujitenge, je, tunaishi sasa kwa namna itakayotuwezesha kukataa?

Swali la nne lisijibiwe kwa haraka. Wale vijana wa Buta hawakulijibu alfajiri ile. Walikuwa wamekwisha kulijibu kwa miezi na miaka, kwa kula meza moja, kusali pamoja, na kujadiliana kwa ukweli juu ya yale yaliyokuwa yakiipasua nchi yao. Nasi tuanze wiki hii.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.

Tume ya Haki na Amani